Nta ya Safari Kwenye Gari Jipya: Maswali ya Wasomaji

Barua kadhaa za safari hii zinazungumzia jambo moja: gari limefika jipya, lakini kinga iliyopakwa kiwandani bado iko mwilini. Zinazofanana tumeziunganisha.

SWALI: Nimekabidhiwa gari jipya la rangi ya kijivu. Kwa mbali linang'aa, ila nikipitisha kiganja kwenye boneti nahisi linanata. Kwenye mapengo ya milango na kuzunguka nembo kuna uchafu wa kahawia uliogandamana. Nimeliosha mara tatu kwa shampuu ya gari na hautoki. Ni kitu gani, na nitautoaje bila kuharibu rangi?

JIBU: Hiyo ni nta ya safari. Gari likitoka kiwandani hukaa wiki au miezi kwenye maegesho ya wazi, kwenye mabehewa na melini. Muda wote huo linapigwa na chumvi ya bahari, kinyesi cha ndege na vumbi la chuma linaloruka kwenye reli, kwa hiyo baadhi ya viwanda hulipulizia tabaka la nta inayotokana na petroli. Siku hizi wengi wamehamia kwenye nailoni ya kubandika, lakini nta haijatoweka. Muuzaji ndiye anayetakiwa kuiondoa kabla ya kukabidhi gari. Akifanya haraka, boneti na paa hutoka vizuri, ila kwenye mapengo, chini ya vitasa, ndani ya kifuniko cha mafuta na kuzunguka nembo nta hubaki. Rudi kwake kwanza. Hiyo ni kazi uliyokwisha kuilipia.

Ukiamua kuifanya mwenyewe, elewa kwanza kwa nini shampuu imeshindwa. Shampuu ya gari hutengenezwa makusudi ili isivue nta, maana watu wengi wanataka polishi yao ibaki baada ya kuosha. Hata uongeze kipimo mara tano, utapata povu tu. Nta ya aina hii inasikia vitu viwili: joto na kiyeyusho cha jamii ya petroli. Kusugua kwa nguvu hakumo kwenye orodha, tena ndiko kunakoharibu, kwa sababu nta inayonata imekwisha kumeza vumbi na mchanga. Ukiikandamiza na sponji unausaga mchanga huo kwenye rangi, na mikwaruzo yake ya duara utaiona siku ya kwanza yenye jua kali.

Anza kwa kuliacha gari juani nusu saa ili nta ilainike, kisha lihamishie kivulini. Kazi yenyewe usiifanye juani, kwa kuwa dawa itakauka kabla haijafanya kitu. Likiwa bado na uvuguvugu, lisuuze kwa maji mengi bila kuligusa, vumbi lililolegea liondoke.

Sasa andaa maji ya moto ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Ukichanganya maji yanayochemka na maji ya bomba nusu kwa nusu utakaribia hapo. Vaa glavu. Mimina juu ya sehemu moja, kwa mfano nusu ya boneti, halafu pitisha kitambaa cha maikrofaiba kilicholoa maji hayohayo na shampuu. Nta nyembamba itaanza kusogea yenyewe. Maji yanayochemka usimwagie moja kwa moja: kioo baridi kinaweza kupasuka, na plastiki nyembamba ikajikunja. Kama una mashine ya presha ya maji moto, tumia pua inayotawanya maji kwa upana, kaa angalau sentimita 30 kutoka kwenye bodi, na joto lisizidi nyuzi 60. Usielekeze maji kwenye vihisi vya bampa, kingo za stika wala mpira wa milango.

Joto peke yake mara nyingi huiondoa sehemu kubwa. Inayobaki ndiyo inayohitaji kiyeyusho. Chaguo letu la kwanza ni dawa ya kutolea lami iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi ya gari. Ikikosekana, tapentaini ya kupunguzia rangi za mafuta, au mafuta ya taa safi yasiyo na maji wala takataka, hufanya kazi ileile taratibu zaidi. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ndani ya kifuniko cha mafuta. Paka, subiri dakika tano, futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya gari, acha: ama rangi hiyo haina tabaka la juu lisilo na rangi, lile mafundi wanaliita klia, ama dawa ni kali mno.

Kunja kitambaa cha maikrofaiba mara nne, kiloweshe kwa vijiko viwili vya dawa, na ufanye eneo la mraba wa sentimita 40 kwa 40, si zaidi. Kilaze juu ya nta kwa dakika moja. Kisha futa kuelekea upande mmoja, bila kukandamiza, na kila mfuto mmoja au miwili geuza upande safi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kitambaa kikishajaa nta kinaanza kuirudisha, na mtu anadhani dawa haina nguvu, anaongeza dawa, anaongeza nguvu. Ukiona michirizi yenye rangi za upinde inakufuata kila unapofuta, tatizo ni kitambaa. Andaa vitambaa sita hadi nane. Dawa yenyewe, nusu lita inatosha gari zima.

Ukimaliza kila paneli, ioshe papo hapo kwa maji ya vuguvugu na shampuu. Tapentaini na mafuta ya taa huacha utando wa mafuta unaokamata vumbi, na ukiachwa juu ya mpira wa mlango huufanya uvimbe na kulegea. Kwenye mapengo na kuzunguka nembo tumia mswaki laini uliofungwa kitambaa chenye dawa kidogo, au pamba ya kijiti. Bisibisi, kisu na ukucha viache mbali. Nta iliyoganda nyuma ya herufi za nembo hutoka kwa uzi wa kusafishia meno uliochovywa kwenye dawa na kuvutwa taratibu.

Utajuaje imeisha? Mwagia maji. Penye nta ya safari maji hugawanyika vipande vipande visivyo na umbo, na ukiburuta kidole huacha alama ya ukungu. Pasipo na nta yoyote, maji hutandaa na kuteremka kama shuka moja. Yakisimama matone ya duara yanayolingana na kidole hakiachi alama, huenda muuzaji alishapiga polishi juu. Hiyo haina neno.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Jirani ananiambia petroli ndiyo inayomaliza nta kwa dakika tano. Kijana wa kuosha magari anasema dizeli. Mwingine thina. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Hakuna hata mmoja.

Petroli inayeyusha nta kweli, lakini mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa unatambaa sakafuni hadi ukutane na cheche, iwe ya swichi, ya jiko au ya simu iliyoanguka. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yafike kama nyuzi 38 au zaidi. Hiyo ndiyo tofauti ya kazi ya hatari na kazi ya kawaida, ingawa hata hayo ya taa yanahitaji mahali pa wazi, mbali na moto. Isitoshe, petroli hukauka haraka mno: inaiyeyusha nta, inaruka, na nta inaganda tena mita moja mbele.

Dizeli inafanya kazi, ila utando wake ni mzito na hung'ang'ania kwenye mpira na plastiki nyeusi. Utaosha mara mbili tatu na harufu bado ipo. Thina ndiyo mbaya kuliko zote. Rangi ya kiwandani iliyookwa inaweza kuistahimili kwa muda mfupi, lakini paneli iliyopigwa rangi upya gereji hulainika, na kioo cha taa, ambacho siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, hupata nyufa ndogondogo zisizotibika.

Wengine mmeuliza kuhusu spiriti na sabuni ya vyombo. Spiriti ya isopropili haiyeyushi nta ya aina hii ya kutosha. Kazi yake ni kufuta mabaki ya mafuta mwishoni. Sabuni ya vyombo inakata mafuta ya kupikia, nta hii inaitazama tu.

Vitambaa vilivyotumika vitandazeni nje vikauke, msivifungie kwenye buti.

SWALI: Gari langu lina miezi minne. Likikaa juani mchana, chini ya milango panachuruzika kitu kizito cha kahawia kama asali. Nikifuta, kesho kipo. Nimeambiwa nikapige maji ya moto ndani ya milango yote iishe mara moja.

JIBU: Usifanye hivyo hata kidogo! Hiyo si nta ya safari. Ni nta ya kuzuia kutu iliyopulizwa ndani ya milango, ndani ya kizingiti na kwenye maungio ya bati, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Imewekwa ikae maisha yote ya gari. Imetengenezwa iwe laini kidogo ili ipenye kwenye mikunjo ya bati, na ndiyo maana jua likiwa kali ile ya ziada hushuka na kutokea kwenye matundu ya kutolea maji. Ile ya ziada ikishatoka yote, mchuruziko hupungua wenyewe.

Unachofuta ni kile kilichofika nje kwenye rangi. Kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha maji ya shampuu, basi. Kila unapofuta, tazama matundu yenyewe, yaliyo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Tundu lililozibwa na nta hufungia maji ya mvua ndani, na hapo kinga inageuka kuwa chanzo cha kutu. Lifungue kwa kijiti cha plastiki au cha mbao. Chuma kitakwaruza rangi ya ndani ya tundu. Ukifungua mlango na kuusogeza huku na huku baada ya mvua, ukasikia maji yanacheza ndani, kuna tundu lililoziba.

Kanuni ni hiyohiyo chini ya gari na kwenye injini. Utando wa manjano unaoonekana juu ya boliti, vibano na vipande vya alumini chini ya boneti umewekwa na kiwanda. Hauna urembo, lakini acha.

SWALI: Tangu nichukue gari, waipa zinarukaruka na kuacha ukungu mbele ya macho yangu, hasa usiku mvua ikinyesha. Nimebadilisha mipira ya waipa, tatizo lipo palepale.

JIBU: Mipira mipya imepanda juu ya kioo kilekile chenye nta, nayo sasa imechafuka. Lazima usafishe vyote viwili kwa siku moja.

Inua mikono ya waipa. Futa kioo kwa dawa ya kutolea lami, robo kwa robo, ukimalizia kingo za chini ambako waipa hupumzika. Huko ndiko nta hujikusanya. Osha kwa shampuu, kausha, kisha futa kwa spiriti ya isopropili na kitambaa safi. Pulizia pumzi kwenye kioo: ukungu ukitanda sawasawa na kuondoka sawasawa, kioo ni safi. Ukiona mapande au michirizi, rudia hapohapo tu. Kama mapande yanagoma, tumia polishi ya kioo yenye seriamu oksaidi, kwa mkono, na uifute yote isiingie kwenye mpira wa pembeni.

Mipira ya waipa usiiguse kwa mafuta ya taa wala dawa ya lami. Kitambaa chenye spiriti kidogo, ukivute kwa urefu wa mpira mara tatu nne hadi utepe mweusi unaotoka uwe hafifu. Halafu jaribu maji ya kuoshea kioo: yakitoka upande mmoja au yakichechemea, kitundu kina nta, na pini nyembamba itaizibua.

SWALI: Langu lilikuja limebandikwa nailoni nyeupe kwenye boneti na paa. Nimeibandua, imeacha mstari wa gundi pembeni na kivuli cha mpaka kwenye rangi. Je, rangi imeungua?

JIBU: Gundi na kivuli ni vitu viwili. Gundi unaihisi kwa kidole. Ipashe joto kwa draya ya nywele kutoka sentimita 15 au 20, ukiisogeza muda wote, hadi bati liwe la moto ila kiganja bado kinavumilia. Weka dawa ya kutolea lami kwa dakika moja, kisha uibiringishe gundi kwa kidole kilichovaa kitambaa. Nailoni iliyobaki vipande vipande nayo ipashwe joto, na uivute ikijirudia juu yake yenyewe, taratibu. Ukiivuta kwenda juu hukatika na kuacha gundi nyingi zaidi.

Kivuli hakihisiki kwa kidole, au kinahisika kama mwinuko mdogo sana. Mara nyingi ni unyevu uliofungiwa kwenye ukingo wa nailoni ukaifanya klia ivimbe kidogo. Liache gari juani saa kadhaa, siku mbili tatu mfululizo, kabla ya kulipeleka kwa mtu wa polishi. Vivuli vingi hujifuta vyenyewe. Kisichoondoka kipige picha na ukipeleke kwa muuzaji wakati dhamana bado mbichi. Nailoni hizi zimetengenezwa kukaa miezi, si miaka; gari likikaa nazo kupita muda wake, kosa si lako.

SWALI: Siku ya kwanza barabarani kulitoka moshi kidogo chini ya gari na harufu ya kuungua. Ni hiyohiyo nta?

JIBU: Kwa kawaida ndiyo. Nta na mafuta ya kinga yaliyo kwenye bomba la moshi huungua injini inapopata joto, na kinga ya kutu iliyo kwenye diski za breki huondolewa na pedi zenyewe unapofunga breki mara kadhaa za mwanzo. Diski usizipulizie dawa ya lami wala mafuta ya taa. Pedi zikinyonya mafuta zinakosa mshiko. Harufu ikiendelea baada ya siku chache, au moshi ukiwa na harufu tamu, hapo maji ya rejeta yanaweza kuwa yanavuja. Mwone fundi.

SWALI: Niliondoa nta ya safari vizuri, nikapiga nta mpya ya kopo. Sasa plastiki nyeusi za pembeni zina madoa meupe yasiyotoka. Pia, gari ni jeupe na nimeona vidoa vidogo vya rangi ya chungwa kila mahali. Rangi imeanza kuota kutu?

JIBU: Madoa meupe ni unga wa nta mpya uliokaukia kwenye vinyweleo vya plastiki. Chukua maji ya moto kiasi, matone machache ya sabuni, mswaki laini, na usugue kwa duara ndogo huku ukifuta mara kwa mara. Palipobaki, ufutio mweupe wa penseli huuvuta unga vizuri kuliko dawa nyingi za bei. Mafuta ya taa hapa yanadanganya: plastiki inakuwa nyeusi tii kwa siku mbili, yakikauka madoa yanarudi yakiwa na mabaka. Safari nyingine ziba plastiki kwa tepu ya karatasi kabla ya kupiga nta.

Vidoa vya chungwa ni vumbi la chuma la reli na la breki. Ni kutu kweli, lakini ya chembe zilizotua juu ya rangi, si ya bati lako. Nta ya safari ilizizuia nyingi. Hizi zilipita palipokuwa wazi. Pulizia dawa ya kutolea chembe za chuma kwenye bodi baridi, kivulini. Itageuka zambarau inapozikuta. Ipe dakika tatu hadi tano bila kuiacha ikauke, suuza kwa maji mengi. Ukipitisha mkono ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni ukasikia bado kuna ukwaru, ndipo utumie udongo wa kusafishia rangi, daima ukiwa na kilainishi cha kutosha, na bonge likianguka chini litupe. Rangi isiyong'aa, ile ya mati, haipigwi udongo kabisa, kwa sababu itang'aa kwa mabaka na haitarudi.

Dawa hiyo na udongo vitakuwa vimeondoa na nta mpya, kwa hiyo utapiga tena. Huna haja ya kusubiri: rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto linalozidi nyuzi 100 na huwa imeiva kabla gari halijatoka mlangoni. Kusubiri ni kwa paneli iliyopigwa rangi upya gereji, ambayo huhitaji kati ya siku 30 na 90 kutegemea maelekezo ya mtengenezaji wa rangi. Kama unakusudia kuweka kinga ya kauri badala ya nta, futa kwanza bodi nzima kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa sababu kauri haishiki juu ya mafuta.